Kasoro za sputa ya mipigo kwenye mwambao wa Ziwa Victoria: anza na maji

Mashine ya sputa, yaani ya kupaka matabaka membamba kwa kupopoa atomu za metali ndani ya ombwe, ikigoma, macho ya wengi hukimbilia pawasaplai, kifaa kinachoilisha umeme. Ndiyo ya bei kubwa, na ndiyo inayowasha taa nyekundu na kupiga kelele. Kwa mashine zilizofungwa Mwanza, Musoma, Bukoba au Kisumu, mimi nashauri uanzie kwingine kabisa: anza na maji. Kuna mvuke unaoingia kila chemba inapofunguliwa, kuna maji ya kupoza yanayopita nyuma ya tageti (bamba la metali linalopopolewa), na kuna umande unaotanda kwenye chuma baridi usiuone. Kasoro nyingi zinazotajwa kuwa za umeme huanzia hapo, na plazima yenyewe, ile gesi inayong'aa kwa umeme ndani ya chemba, hukueleza ukijua kuisoma.

Nawaandikia mafundi na wanafunzi ambao tayari wanajua kazi inavyokwenda, kwa hiyo msingi nautaja kwa ufupi. Ndani ya chemba yenye ombwe tunaingiza agoni kidogo, presha ya kati ya paskali 0.3 na 1 hivi, kisha tunaipa tageti volteji hasi ya mamia ya volti. Ioni za agoni zinaishambulia tageti na kuipopoa atomu, kama watoto wanavyopopoa maembe kwa mawe, na atomu hizo zinatua kwenye kioo zikijenga tabaka. Sumaku iliyo nyuma ya tageti inazizuia elektroni zisitoroke; tageti na sumaku yake kwa pamoja ndiyo magnetroni. Mipigo inakuja kwa namna mbili. Ya kwanza ni mkondo mnyoofu unaokatwa mara elfu makumi au mamia kwa sekunde, hasa tunapopaka oksidi. Ya pili ni mipigo mikubwa na michache: makumi au mamia ya mikrosekunde kila mmoja, na nguvu inayofika kilowati chache kwa kila sentimita ya mraba ya tageti. Hii ya pili ilipata umaarufu mwaka 1999, Vladimir Kouznetsov na wenzake wa Linköping, Uswidi, walipochapisha majaribio yao ya tageti ya shaba.

Neno moja la usalama kabla ya bisibisi. Kapasita za mipigo mikubwa hubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa, na chaji hiyo inaua. Subiri, pima kwa mita, gusisha fimbo ya kutoa chaji iliyoungwa na athi (waya wa ardhini), kisha iache fimbo hiyo hapohapo muda wote unapofanya kazi. Hili halina mjadala.

Presha haishuki, au inashuka kwa kusuasua

Hapa kuna watuhumiwa wawili, mvujo na mvuke, na ni rahisi kuwatenganisha. Pampu ikishafanya kazi yake, funga vali kuu ili chemba ibaki peke yake, kisha andika presha kila dakika kwa dakika kumi. Chora grafu. Ikipanda kwa mstari mnyoofu usiochoka, hewa inaingia kutoka nje: tafuta o-ringi (pete ya mpira ya kuzibia) yenye unywele, gasketi iliyokandamizwa upande mmoja, au kiungio cha waya wa umeme. Ikipanda haraka mwanzoni kisha ikajikunja na kutulia, chemba haivuji. Kuta zake ndizo zinazotoa mvuke.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, jibu la pili ndilo la kawaida. Chuma kinapokaa wazi hewani, molekuli za maji zinakishika na hazing'oki kwa hiari. Kuongeza pampu hakusaidii sana, kwa sababu tatizo ni jinsi maji yanavyong'ang'ania ukuta. Kinachosaidia ni joto. Pasha kuta za chemba hadi nyuzi 80 au 100 kwa saa kadhaa, pampu ikivuta, halafu ziache zipoe. Kama huna kipashio, hata taa ya halojeni ndani ya chemba inafanya kazi nzuri.

Bora zaidi ni kutoyaingiza. Chemba ijazwe nitrojeni kavu unapotaka kuifungua, mlango ukae wazi kwa dakika chache tu, na vioo viwe tayari mezani. Halafu angalia chila, yaani mashine inayopoza maji ya tageti. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida kabisa kando ya ziwa, huanza kutoa umande kwenye chuma chenye nyuzi 20 hivi. Chila nyingi huwekwa nyuzi 15 au 18. Maana yake ni kwamba ukifungua chemba huku maji baridi yanazunguka, tageti yako inalowa mbele ya macho yako, ingawa filamu hiyo ya maji ni nyembamba mno kuonekana. Fundi anafunga mlango, anawasha pampu, kisha anahangaika mchana kutwa akitafuta mvujo ambao haupo. Zima maji ya kupoza robo saa kabla ya kufungua, acha magnetroni ifikie joto la chumba, na usiyarudishe mpaka ombwe lishuke vizuri. Utaratibu huu hauna gharama, na mabadiliko utayaona siku hiyohiyo.

Mvujo ukithibitika na huna heliamu ya kuutafutia, tumia agoni. Pitisha mrija mwembamba polepole kwenye viungio, ukiwa umezima plazima, na umwache mwenzako atazame geji. Isopropanoli kwa brashi ndogo nayo hufichua tundu, lakini inawaka moto, kwa hiyo umeme wote mkubwa uwe umezimwa na madirisha wazi.

Geji inasema uongo

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya Mwanza ni milibari 885 hivi, si 1,013 kama pwani. Kuna dalili inayowatesa wageni: chemba imejaa hewa kabisa, lakini mashine inakataa kufungua mlango au kuwasha taa ya "presha ya nje". Tazama mpangilio wa kidhibiti. Kama kimewekwa kisubiri milibari 950, kitasubiri mpaka mwisho wa dunia. Shusha kiwango hicho hadi 850. Wala usiikaze geji isome 1,013 kwa sababu kitabu kimeandika hivyo, maana utakuwa umeharibu kipimo chako chote.

La hatari zaidi linahusu agoni. Geji ya Pirani hupima jinsi gesi inavyobeba joto, na agoni hubeba joto kidogo kuliko hewa. Kwenye presha ndogo ikisoma paskali 1, agoni iliyomo ni kama 1.6 au 1.7. Hilo linavumilika. Kwenye presha kubwa kosa linakuwa la kutisha: chemba iliyojaa agoni hadi presha ya nje, geji ya namna hii inaweza kuonyesha milibari 30 hivi tu. Mtu asiyejua ataendelea kufungua gesi akidhani bado, na dirisha la kioo linaweza kumpasukia usoni. Ukijaza chemba kwa agoni kwa kukosa nitrojeni, legeza komeo za mlango kwanza, mlango ujifungue wenyewe presha zikilingana. Kwa presha ya kazi tumia geji ya kapasitansi, ambayo haijali aina ya gesi.

Rangi ya plazima imebadilika, tabaka limepauka

Tabaka la alumini linatoka la maziwa badala ya kung'aa, la shaba linatoka la kahawia, la titani linakuwa na ukinzani mkubwa kuliko jana. Hapa spektromita ndogo ya faiba (kifaa kinachotenganisha rangi za mwanga), hata ile ya bei ndogo, inakupa jibu kwa dakika moja. Ielekeze dirishani, washa plazima kwa agoni tupu na shata (kifuniko kati ya tageti na kioo) ikiwa imefungwa, kisha tazama mistari ya mwanga, ambayo kila gesi ina yake.

Mstari wa nanomita 656.3 ni wa hidrojeni. Ndani ya chemba ya kawaida hidrojeni haitoki popote ila kwenye maji au mafuta. Ukiwa mkubwa mwanzoni na unapungua jinsi plazima inavyozidi kuwaka, ni mvuke wa kuta, endelea kuunguza tageti nyuma ya shata. Ukibaki palepale nusu saa nzima, maji yanaingia kutoka mahali fulani, na mahali pa kwanza pa kushuku ni o-ringi ya maji ya magnetroni. Mvujo mdogo wa maji ndani ya magnetroni ni mgumu kuliko yote, kwa sababu unajificha pale plazima isipowaka na unajitokeza pale tageti inapopata moto. Funga maji, ondoa yaliyobaki kwa hewa ya kompresa, kisha rudia kipimo kwa nguvu ndogo kwa sekunde chache. Mstari ukishuka, umempata mhalifu.

Molekuli ya OH, ambayo nayo ni alama ya maji, hutoa mwanga karibu na nanomita 309. Wengi hawauoni na wanahitimisha kuwa chemba ni kavu. Sababu ni dirisha: kioo cha kawaida humeza mwanga wa eneo hilo. Bila dirisha la kwatsi usitegemee chochote kilicho chini ya 350, tegemea ule wa 656.3.

Hewa ikivuja, nitrojeni hujitambulisha kwenye 337.1 (kama dirisha ni la kwatsi) na 391.4, na macho yenyewe huona plazima ikielekea rangi ya waridi. Ukiwa na tageti ya titani usiuamini mstari wa 391.4 peke yake, kwani titani nayo ina mistari hapo karibu. Mafuta ya pampu huleta bendi ya CH karibu na 431 na kaboni kwenye 516. Oksijeni iko 777.4, isichanganywe na agoni ya 772.4.

Kitu cha kushika hapa ni uwiano. Dirisha hupakwa kila siku na kupunguza mwanga wote, kwa hiyo namba tupu ya mstari mmoja haina maana baada ya wiki. Gawanya kila mstari kwa mstari wa agoni ulio jirani nao, mfano 750.4 au 811.5, na uandike uwiano huo daftarini siku mashine inapofanya kazi vizuri. Bila kumbukumbu ya siku ya uzima, kutafuta ugonjwa ni kupiga ramli.

Aki hazikomi

Aki, yaani cheche kali za umeme kwenye tageti, za dakika za mwanzo baada ya kufungua chemba si kasoro. Vumbi, alama za vidole na maji yaliyonata juu ya tageti yanaungua, na hesabu ya aki inapaswa kushuka. Anza na nguvu ndogo, panda taratibu, shata ikiwa imefungwa. Isiposhuka ndipo kazi inaanza.

Jiulize kwanza: unapaka metali au oksidi? Kama ni metali katika agoni tupu, aki zinatoka kwenye kitu kinachoonekana kwa macho. Fungua na tazama mwanya kati ya tageti na ngao yake ya pembeni. Mwanya huo wa milimita 2 hivi ukipata kigamba kimoja cha tabaka la zamani, unaunganisha volti mia kadhaa na athi. Ngao zikiwa na magamba yanayobanduka, zitoe, zipigwe mchanga wa kusafishia hadi ziwe na uso wa kukwaruza, zioshwe, zikaushwe. Uso wa kukwaruza hushikilia tabaka muda mrefu.

Kama ni oksidi, mfano alumini katika agoni na oksijeni, aki zinatoka kwenye tageti yenyewe. Sehemu zisizopopolewa sana hufunikwa na oksidi, ambayo haipitishi umeme. Ioni zinazotua hapo zinaacha chaji chanya, chaji inarundikana, oksidi inapasuka na aki inapiga. Mpigo mfupi wa volteji chanya, asilimia 10 hadi 20 ya volteji ya kazi, unavuta elektroni zije kuifuta chaji hiyo. Kwa hiyo ukiwa kwenye kilohezi 20 na aki ni nyingi, panda hadi 50, halafu 100, huku ukihesabu aki. Ukifika mahali hesabu inapoanguka ghafla, baki juu kidogo ya hapo. Kuendelea kupanda bila sababu kunapunguza muda wa kupopoa, na kasi ya upakaji inashuka. Mwingine anarefusha muda wa volteji chanya. Nayo ni njia, yenye gharama ileile.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii ila haitibiwi kwa frikwensi. Baada ya saa nyingi za kupaka oksidi, ngao na kuta zilizokuwa anodi (upande chanya unaopokea elektroni) zinafunikwa na oksidi zote. Elektroni zinakosa pa kwenda. Dalili yake ni volteji inayopanda saa baada ya saa, plazima inayotapakaa pembe za ajabu za chemba, na tabaka lisilo sawa. Safisha anodi, au weka anodi nyingine iliyojificha ili atomu za tageti zisiifikie moja kwa moja.

Tofautisha pia aki na sumu. Oksijeni ikizidi kiwango, tageti nzima inageuka oksidi na kasi ya upakaji inaporomoka. Ukipunguza oksijeni kidogo hairudi, mpaka uipunguze kupita pale ulipoanzia. Sören Berg na wenzake wa Uppsala walieleza mwenendo huu kwa hesabu mwaka 1987, na hesabu yao bado ndiyo inayotumika kufundishia. Volteji ndiyo shahidi wako: kwa mkondo uleule, alumini ikishikwa na oksijeni volteji inaanguka sana, kwa kuwa oksidi yake hutoa elektroni kwa wingi. Titani hufanya kinyume, volteji inapanda. Mtu aliyejifunza kwa alumini akihamia titani bila kujua hili atasoma dalili kichwa chini. Tiba ni kufunga oksijeni, kuunguza tageti kwa agoni tupu hadi volteji irudi ya zamani, kisha kuanza tena kwa oksijeni kidogo. Ukitaka kukaa katikati, tumia spektromita kusimamia mstari wa metali (alumini ni 396.2) na uache vali ya oksijeni iufuate.

Umbo la mkondo wa mpigo si la kawaida

Kwenye mipigo mikubwa, osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la mpigo) ni lazima. Pima volteji na mkondo kwa pamoja, ukitumia probu ya volteji kubwa na koili ya kupimia mkondo, kwani kila moja peke yake inapotosha.

Mkondo unachelewa kuanza, mara mikrosekunde 10, mara 40, na mpigo haulingani na mwenzake. Plazima inakosa elektroni za kuanzia. Presha iko chini mno, au mipigo imeachana sana kiasi kwamba mabaki ya mpigo uliopita yameisha. Ongeza presha kidogo, ongeza mipigo kwa sekunde, au washa mkondo mnyoofu mdogo wa kudumu chini ya mipigo.

Mkondo unapanda hadi kilele halafu unashuka wakati mpigo unaendelea. Tazama volteji. Ikiwa imesimama palepale, hiyo ni tabia ya plazima yenyewe: atomu zinazotoka kwenye tageti zinaisukuma na kuipasha agoni iliyo mbele yake, gesi inapungua, mkondo unashuka. Usiiguse. Ikiwa volteji nayo inashuka pamoja na mkondo, kapasita zako ni ndogo. Fanya hesabu: ampea 100 kwa mikrosekunde 100 ni milikulombi 10. Kapasita ya mikrofaradi 20 itapoteza volti 500, ya mikrofaradi 200 itapoteza 50 tu. Hesabu hii inamaliza mabishano mengi kwenye karakana.

Mkondo unapaa mpaka pawasaplai inajizima. Aki, au plazima inayojilisha yenyewe? Kwenye aki, volteji inaporomoka hadi makumi ya volti wakati mkondo unaruka. Kama volteji bado ni mamia na mkondo unakwea bila kukoma, ioni za metali zenyewe zimechukua kazi ya kupopoa tageti. Shaba ni mwepesi sana wa kufika huko. Fupisha mpigo au shusha volteji kwa volti 20 au 30. Inatosha.

Mkondo wa kilele umeongezeka wiki kwa wiki kwa volteji ileile. Tageti imechimbika. Uso wake unazidi kuisogelea sumaku, uga unazidi nguvu, plazima inabanwa zaidi. Pima kina cha mfereji kabla haujatoboka.

Mawimbi mafupi yanayotetema mwanzoni mwa mpigo mara nyingi ni waya. Waya ulionyooka una mikrohenri 1 hivi kwa kila mita. Mita 5 zenye mkondo unaopanda ampea 100 ndani ya mikrosekunde 10 zinakula volti 50 kabla hazijafika kwenye tageti. Sogeza pawasaplai karibu, upeleke na urudishe mkondo kwa nyaya zilizoshikana.

Geji na vidhibiti vinaruka kila mpigo

Mwanza ni Jiji la Miamba, na hilo lina maana kubwa kwa anayefunga athi. Fimbo ya athi iliyopigiliwa kwenye udongo wa kina kifupi juu ya granaiti, kama mitaa mingi ya milimani, inaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko unavyodhani. Ipime, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti udongo unapokauka. Pigilia fimbo kadhaa na uziunganishe, au chimba shimo refu na ulijaze udongo unaoshika maji. Bonde la ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na athi mbovu hapa ni hatari kwa mtu kabla ya kuwa kero kwa vipimo.

Lakini kelele za mipigo zenyewe hazitibiwi na fimbo ya nje. Zinatibiwa ndani ya chumba: ukanda mpana na mfupi wa shaba kutoka chemba hadi pawasaplai, kila kifaa kikiungwa sehemu moja tu ya athi, na waya za geji zenye kinga zipite mbali na waya wa tageti. Ukanda uwe mpana. Waya mwembamba wa kijani na njano unafaa kwa usalama, ila kwa mpigo wa mikrosekunde chache ni kama haupo.

Probu ya Langmuir inatoa namba zisizoingia akilini

Probu ni waya wa tangisteni wa kama milimita 0.1, ukichungulia kutoka kwenye mrija wa seramiki, na kwa kuubadilishia volteji unapata joto la elektroni na wingi wake. Ndani ya chemba inayopaka, probu nayo inapakwa. Huo ndio mzizi wa taabu zake zote.

Ukiwa unapaka oksidi, waya unavaa koti lisilopitisha umeme. Dalili: ukipandisha volteji unapata mchirizi mmoja, ukishusha unapata mwingine, na joto la elektroni linaonekana kubwa kupita kiasi. Safisha kabla ya kila kipimo kwa kuupa waya volti chanya 50 hadi 100 mpaka elektroni ziuchemshe uwe mwekundu, kisha uondoe volteji hiyo mara moja. Ukiuacha, utayeyuka au utakatika.

Ukiwa unapaka metali, seramiki ndiyo inayovaa koti, na koti hilo linapitisha umeme. Probu yako imekuwa kubwa bila wewe kujua, na wingi wa elektroni unaonekana kukua kila siku. Acha mwanya mdogo kati ya waya na ukingo wa seramiki, waya usiguse mdomo wa mrija, ili kivuli cha ukingo kizuie tabaka lisiunganike.

Kwa mipigo, usijaribu kufagia volteji yote ndani ya mpigo mmoja. Weka probu kwenye volteji moja, rekodi mkondo wake kwa mpigo mzima, sogeza volti moja, rekodi tena. Mwishoni unaupanga upya mchirizi wa kila wakati unaoutaka. Inachosha, lakini inahitaji osiloskopu na betri tu, na ukiona elektroni zimefika 10¹⁸ au zaidi kwa mita ya ujazo kileleni mwa mpigo, usishtuke. Ndivyo mipigo mikubwa ilivyo.

Kasi ya upakaji imeshuka

Ukitoka mkondo mnyoofu kwenda mipigo mikubwa kwa wastani uleule wa wati, kasi kushuka ni kawaida, kwa sababu ioni nyingi za metali zinavutwa kurudi kwenye tageti. Ukiwa hujabadilisha chochote na imeshuka, tazama sumu ya oksijeni kwanza, halafu maji ya kupoza. Maji ya ziwa yasiyochujwa yana mwani, na mwani unaota ndani ya mirija inayopitisha mwanga. Mtiririko ukipungua tageti inapata moto, na kama imegandishwa kwa indiamu, gundi hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 157. Tumia mzunguko uliofungwa wa maji yaliyosafishwa, mirija myeusi, na mita ya mtiririko inayozima pawasaplai.

Feni nazo zina habari yake. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 10 hivi, inapoza kidogo, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama wingu jeusi hujaa kwenye vichujio usiku mmoja tu. Siku ya pili ya wadudu, osha vichujio vyote.

Umeme umekatika katikati ya kazi

Pampu ya tabo, ile inayovuta ombwe kwa kuzunguka kwa kasi, inapunguza mwendo, na mvuke wa mafuta wa pampu iliyo nyuma yake unapata njia ya kurudi kwenye chemba. Vali zote ziwe za aina inayojifunga umeme ukipotea, ikiwemo ya agoni. Umeme ukirudi, usiendelee ulipoishia. Vuta ombwe upya, washa plazima nyuma ya shata, na uangalie 431 na 516. Mistari hiyo ikiwepo, mafuta yamefika, na kioo kilichokuwa ndani kitupwe.

Tabaka linabanduka

Likibanduka lote kama karatasi, uso ulikuwa mchafu: osha kioo kwa sabuni, maji safi, isopropanoli, kisha kikaushe kwa joto, sio kwa kitambaa. Kwa presha ya paskali 0.0001, mvuke uliobaki unatosha kufunika uso mzima kwa sekunde chache, kwa hiyo kikwangue kidogo kwa ioni za agoni kabla tu ya kufungua shata. Likipasuka na kujikunja lenyewe siku kadhaa baadaye, ni mkazo wa ndani. Badili presha ya kazi hatua kwa hatua, au paka nyembamba zaidi. Bandika utepe wenye gundi juu ya kipande cha majaribio na uuvute kwa nguvu moja kabla ya kupaka kundi zima, na kipande hicho kikae pembezoni mwa kishikio, mahali ambapo kubanduka huanzia.